Mama Akivaa Masikio

Binti yangu alijua kunyamaza kabla hajajua kufunga zipu ya ovaroli lake la baridi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimfundisha vizuri sana, kwa sababu kila ninachokifanya nataka kiwe hakina doa, na nakiri mapema kwamba tabia hiyo ndiyo iliyotufikisha pale ninapotaka kupasimulia.

Miaka hiyo tulikaa Alby, kitongoji cha Stockholm, ghorofa ya sita, mimi, mume wangu na yeye. Mume wangu alikuja Sweden kusoma, akamaliza, akapata kazi ya zamu kwenye kiwanda kimoja huko Södertälje. Mimi nilimfuata nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha kidato cha sita na mwandiko mzuri. Kazi ya kutengeneza tovuti nilijifundisha mwenyewe kwenye maktaba ya Hallunda, mtaa wa jirani, kwenye kompyuta ambayo ilibidi uiwekee nafasi, na ukishaipata ni yako kwa saa moja tu. Nilikuwa nafungua tovuti yoyote ile, nabofya mahali panapoonyesha msimbo wake wa ndani, halafu naunakili kwenye daftari. Kwa kalamu, mstari kwa mstari. Mkutubi mmoja aliniuliza kwa nini nisichapishe tu. Nilimwambia napenda kuandika. Ukweli ni kwamba niliogopa kuna kinukta kitanipita. Nilikuwa mjamzito wakati huo, na tumbo lilikuwa limenisogeza mbali na meza, kwa hiyo daftari nililiegemeza juu ya tumbo.

Siku ukurasa wangu wa kwanza ulipofunguka, ulikuwa na kichwa cha habari, mistari mitatu na picha ya ua. Niligeuka kuangalia kama kuna mtu ameona. Kwenye kompyuta ya jirani kulikuwa na mzee anasoma magazeti ya kwao. Nilitaka nimshike bega nimwambie: tazama, hiki hakikuwepo, na sasa kipo. Sikumshika. Nilifuta ua, nikaliweka upya sentimita moja kulia, kwa sababu halikuwa katikati.

Miaka mitatu baadaye niliajiriwa na kampuni ndogo ya watu wanane, ofisi yao katikati ya jiji. Walikuwa wanatengeneza mfumo wa kuweka nafasi ya chumba cha kufulia. Ambaye hajawahi kuishi Stockholm hawezi kujua uzito wa jambo hili. Nguo zinafuliwa chini, kwenye chumba cha jengo zima, na kila familia ina saa yake. Saa ya mtu ya kufulia haiguswi. Watu ambao hawajasalimiana miaka kumi huandikiana karatasi kali na kuzibandika ukutani kwa sababu fulani amechelewesha mashine kwa dakika saba. Nilipewa kazi ya kujenga kalenda ambayo ingemaliza ugomvi huo. Nilihisi nimekabidhiwa amani ya taifa.

Kwenye usaili nilikutana na mwenye kampuni. Huku hakuna anayemwita mtu bosi. Hata anayefagia ofisi alimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi kichwani nilimwita bosi, na mpaka leo namwita hivyo. Aliniuliza maswali mawili matatu ya kazi, kisha akasema, bila sababu yoyote niliyoiona, "Mimi nina watoto watatu. Jumatano naondoka saa tisa kamili kwenda kuwachukua, usinitafute." Halafu akanitazama huku anatabasamu, kama anayesubiri.

Niliona mtego. Shangazi yangu, kule nyumbani, alificha mimba chini ya kanga na majaketi mpaka mwezi wa saba ili asipoteze kazi. Nimekua nikiisikia hadithi hiyo kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura. Kwa hiyo nilitabasamu na mimi, nikasema, "Vizuri sana," nikanyamaza. Binti yangu, aliyekuwa na miaka mitatu kasoro wiki chache, wakati huohuo alikuwa dagis, ile shule ya watoto wadogo iliyo chini ya jengo letu, labda anapaka rangi. Sikumtaja. Nikapata kazi, kwa majaribio ya miezi sita.

Nilikuwa nimekwishaona mambo, sisemi sikuyaona. Siku moja kwenye treni ya jiji, ile ya njia nyekundu, nilikaa mbele ya mwanamume aliyevaa suti, mtoto mchanga amefungwa kifuani, chupa ya maziwa mkono mmoja na simu ya kikazi mkono mwingine. "Ngoja kidogo, anacheua," alimwambia mtu wa upande wa pili, akamgonga mtoto mgongoni, kisha akaendelea na habari za mikataba. Hakuna abiria aliyeinua macho. Mimi nilimkodolea mpaka nikapitiliza kituo changu. Lakini nilijiambia: huyo ni mmoja wao. Wao wanaweza.

Baada ya mwezi mmoja bosi alinipa kompyuta mpakato na hedifoni yenye kipaza sauti, akaniambia Jumanne na Alhamisi nifanyie kazi nyumbani. Nilidhani ananiondoa kidogo kidogo. Kumbe ofisi ilikuwa ndogo na kila mtu alikuwa na siku zake.

Nikaweka kompyuta juu ya meza ya jikoni, kati ya chupa ya chai na bakuli la matunda. Nataka niseme jinsi ilivyokuwa, maana siku hizi watu wameizoea. Asubuhi moja nilibadilisha rangi ya kitufe, kutoka kijivu kuwa kijani. Haikupita saa, nikaona mstari mpya umeingia kwenye orodha ya nafasi: nyumba namba fulani, mji ambao majira ya baridi jua halichomozi kabisa, Jumapili saa mbili asubuhi. Mtu nisiyemjua, huko gizani, amebonyeza kijani changu ili afue mapazia. Mimi hapa nimevaa soksi za mume wangu. Nilikaa nikautazama ule mstari mpaka chai ikapoa.

Basi mtoto akaanza kuumwa. Watoto wote wa dagis huumwa majira ya baridi. Wanabadilishana mafua kama wanavyobadilishana kofia. Na sheria ya dagis haina mjadala: mtoto akitapika anakaa nyumbani mpaka zipite siku mbili nzima bila kutapika. Kwa ajili hiyo kuna kitu wanakiita kuvaba. Hata sisi wa Kiswahili tunasema hivyo, "leo siji, navaba." Mzazi anabaki nyumbani na mtoto mgonjwa, serikali inamlipa sehemu kubwa ya mshahara wake, na mwajiri hana la kusema. Nilikuwa naijua sheria hiyo. Nilikuwa nimeisoma yote, kwa kalamu ya kupigia mistari. Niliiamini kama ninavyoamini kwamba kuna watu wamewahi kutembea mwezini.

"Si nibaki mimi?" mume wangu aliniuliza mara ya kwanza. "Kiwandani madume yenye ndevu yanavaba. Jana mmoja katuonyesha picha ya upele wa mwanawe wakati wa chakula."

"Wewe nenda. Mimi niko nyumbani tu."

"Uko nyumbani au uko kazini?"

"Niko nyumbani nafanya kazi."

"Haya. Mwambie mtoto achague moja," alisema, akavaa viatu.

Ugonjwa ulipoangukia Jumanne au Alhamisi, nilishukuru. Ulipoangukia siku nyingine, niliandika barua pepe ofisini kwamba fundi bomba anakuja na lazima nimsubiri. Barua ya mistari miwili niliiandika mara saba, natafuta kila neno kwenye kamusi, ili Kiswidi cha uongo wangu kisiwe na kosa. Mwezi mmoja fundi bomba alikuja mara nne. Wenzangu wakaanza kunionea huruma. "Jengo gani hilo?" waliuliza. "Hameni!"

Lakini kulikuwa na mikutano. Tulikutana kwa sauti, kila mtu na hedifoni yake, na mtoto wa miaka mitatu ana sauti. Ndipo nikabuni mchezo. Hedifoni aliiita masikio. Nikamwambia, "Mama akivaa masikio, sisi ni samaki. Samaki wanasemaje?" Akafungua mdomo na kuufunga, bila sauti. "Safi! Na samaki wakiwa kimya mpaka mama avue masikio, wanakula zabibu kavu." Tulifanya mazoezi dakika moja. Kisha tatu. Kisha kumi. Niliweka saa ya jikoni mbele yake na nikamchorea jedwali lenye nyota. Kwa wiki tatu tu alifika nusu saa. Angekaa sakafuni na vitabu vyake, na kila anapotaka kusema kitu angejiziba mdomo kwa kiganja, macho yakinitazama masikioni. Nilijivunia. Niandike hivyo hivyo: nilijivunia kama nilivyojivunia lile ua.

Jirani wa ghorofa ya tano, mama mmoja wa Kirundi aliyefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, alipanda siku moja kurudisha sufuria. Kila nikimwamkia shikamoo alikuwa anacheka, kwao haiko. Siku hiyo nilimfungulia mlango na hedifoni kichwani, kompyuta mkononi, nikamwonyesha kidole, subiri. Alisimama pale anamtazama mtoto. Nilipovua, aliniuliza, "Weye, huyu mutoto wako mbona hasemake?"

"Anacheza, mama."

"Anacheza nini? Kufa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliweka sufuria, akamshika mtoto kidevu, akamwinua uso. "Sema bonjour." Mtoto akanitazama kwanza mimi, kichwani, kuhakikisha.

Na dagis mwalimu aliniambia, kama kichekesho, kwamba yeye akipokea simu binti yangu huacha anachofanya na kujiziba mdomo mpaka simu iishe. "Hatujawahi kuwa na mtoto mtulivu hivi." Nililichukua kama sifa. Nilimwambia mume wangu jioni. Aliacha kutafuna. "Nani kamfundisha hivyo?" aliuliza. Nikamwambia ni hulka yake.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano wa majaribio, theluji imejaa mpaka kwenye madirisha ya ghorofa ya chini. Mtoto alikuwa ameamka na joto. Mume wangu, kabla ya kwenda kwenye treni, alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Leo nibaki. Nampigia msimamizi, dakika moja tu."

"Leo ndiyo siku yenyewe," nilimwambia. Siku yenyewe ilikuwa hii: saa nne asubuhi nilitakiwa kuwaonyesha kalenda yangu wateja wapya, chama cha wakazi wa majengo kumi na mawili huko kaskazini. Bosi alikuwa amesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba baada ya hapo tutazungumza kuhusu ajira yangu ya kudumu. "Nenda, atalala," nilisema. Akaenda.

Nilimlaza mtoto chumbani, nikamwekea maji, kitambaa na bakuli la zabibu. "Leo ni samaki wa siku kubwa," nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa.

Niliongea dakika arobaini. Sijawahi kuongea Kiswidi kizuri namna ile, wala sijui kilitoka wapi. Mwenyekiti wa chama, mama mwenye sauti ya uzee, alikuwa anafuata kila ukurasa kwenye kompyuta yake huku anasema "aha, aha." Mwishoni akauliza, "Na mtu asipotokea kwenye saa yake, inakuwaje?" Hilo ndilo swali nililokuwa nimelitayarishia jibu kwa wiki mbili. Nikaanza kujibu, na hapo nikasikia harufu. Nikageuka.

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ametapika, kuanzia kifuani mpaka kwenye soksi. Mkono mmoja ameshika fremu ya mlango. Mwingine ameuziba mdomo, kwa kiganja, kama nilivyomfundisha. Hakuwa analia, machozi yalikuwa yamekwishakaukia mashavuni. Matapishi ya kwenye soksi nayo yalikuwa yameanza kukauka. Hakunitazama machoni. Alikuwa anatazama masikio yangu, anasubiri.

Nimewaza sana kama niandike kitakachofuata. Nilimalizia sentensi. "Baada ya dakika thelathini saa yake inafunguka, na jirani yeyote anaweza kuichukua," nilisema, kwa Kiswidi kisicho na kosa hata moja, huku mwanangu amesimama kwenye matapishi yake. Kisha nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Mwanangu!" na kipaza sauti kiko wazi.

Nilipiga magoti. Waya wa hedifoni ukavuta kompyuta mpaka ukingoni mwa meza.

"Nani huyo?" ilikuwa sauti ya bosi.

"Ni binti yangu," nilisema. "Ana miaka mitatu. Anaumwa. Ametapika."

Watu sita, katika vyumba sita tofauti vya nchi hii ndefu, walikuwa wamesikia. Nilikuwa na hakika huo ndio mwisho wa kazi yangu. Nilikuwa nimekwishaanza kumvua mtoto soksi. Na yule mama wa kaskazini akasema, "Oj, maskini mdogo. Una supu ya blåbär ndani?"

"Nini?"

"Blåbär. Vile vitunda vyeusi vya msituni. Mpe supu yake kijiko kimoja kimoja, isiwe ya moto."

"Kwanza maji," ilisema sauti ya mwanamume, mweka hazina wao, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ameuliza habari za nywila tu. "Supu baada ya saa moja. Wangu nilimpa mapema, ikarudi yote kwenye zulia."

"Ulimpa nyingi wewe."

"Nilimpa vijiko viwili!"

Nilikuwa nimekaa sakafuni, mtoto mapajani, matapishi kwenye blauzi niliyoipiga pasi kwa ajili ya watu wasioniona, nawasikiliza watu wazima wakibishana katikati ya mkutano wa kazi kuhusu tumbo la mwanangu. Sikuwahi kuwaza kwamba kitu kama hicho kinaweza kutokea duniani. Nilitamani waendelee.

"Jamani," bosi akasema, "mkutano umekwisha. Wewe, kata simu. Sasa hivi."

Nikavua hedifoni. "Kwa nini hukuniita?" nilimuuliza mtoto. Mimi nilimuuliza kwa Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiswidi, kwa kunong'ona, kama kawaida yake siku hizo: "Ulikuwa na masikio."

Nilimwosha. Nilimbeba mpaka akalala. Kisha nikakaa kuandika barua ya kuomba radhi, na nilikuwa kwenye toleo la sita simu ilipolia, saa nane mchana. Alikuwa bosi.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Amelala. Joto limeshuka."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akalirudia jina, polepole, mpaka akalipata.

"Na mabomba?" aliuliza.

"Hakuna mabomba."

"Hata lile la bafuni?"

"Hata lile."

"Kaka yangu ni fundi bomba," alisema. "Nilikuwa nimemwomba aje kwako Jumamosi. Nilitaka iwe zawadi. Sasa nimekasirika. Jumatatu tuzungumze. Kesho huji, unavaba." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumatatu niliingia ofisini nimekwishakusanya vitu vyangu vya mezani kichwani: kikombe, kamusi, kalamu tatu. Alikuwa amepika kahawa. Aliuliza swali moja tu: kwa nini. Nikamweleza habari za shangazi, kanga na majaketi. Nikamweleza mchezo wa samaki. Sikupanga kumweleza huo, ulitoka wenyewe. Alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Siku ile nilipokuambia nina watoto watatu," alisema, "ulidhani nasema nini?"

"Nilidhani unanipima."

"Nilikuwa nakuambia ili na wewe uniambie."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na kalenda ya karatasi ya ofisi nzima. Nilikuwa nimeitazama kila siku kwa miezi mitano. Wenzangu walikuwa wameandika: Daktari wa meno, mtoto wa kati. Kuogelea, nabeba taulo. Namchukua saa tisa na nusu. Ilikuwa imejaa watoto, safu zote nane isipokuwa yangu. Safu yangu ilikuwa safi, imeandikwa kwa mwandiko mzuri: kazi, kazi, fundi bomba, kazi.

Hakunipa jibu siku hiyo. Alisema kalenda niliyoijenga ni nzuri kuliko alivyotarajia, lakini katika kazi yetu mtu akificha kilichovunjika, wengine wote wanajenga juu yake. Zilikuwa zimebaki wiki tano. "Nataka kuona kama utaniambia," alisema.

Wiki ya pili mtoto akapata joto tena, siku ya Jumatano. Niliandika ujumbe wa maneno matano: Binti yangu anaumwa, leo navaba. Kidole kilikaa juu ya kitufe dakika arobaini. Nilipotuma, jibu lilikuja kabla sijaweka simu mezani: Apone haraka. Basi. Hakuna kilichoanguka. Nilikaa kwenye kochi, saa tatu asubuhi, siku ya kazi, mtoto wangu wa moto kifuani, kompyuta imefungwa. Chini dirishani mtu wa manispaa alikuwa anasukuma theluji. Yeye anafanya kazi, anakatwa kodi, na sehemu ya kodi hiyo iko hapa kwenye kochi, ili mimi nimshike huyu. Nilishindwa kuendelea kusoma kitabu cha bata tulichokuwa tunakisoma. "Mama, soma," aliniambia. Nikamwambia angoje kidogo.

Wiki tano zilipokwisha bosi alinipa mkataba wa kudumu, nikausaini kwa mwandiko wangu mzuri. Ningependa kusema furaha ilinijaa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo mkataba haukuligusa. Mtoto alikuwa bado samaki. Nilikuwa nimelichana jedwali la nyota. Nilikuwa nimemwambia mara ishirini, "Mchezo umekwisha, ukinihitaji unaniita, hata nikiwa na masikio." Aliitikia. Lakini nikivaa tu hedifoni, kiganja kikaenda mdomoni. Nilivaa ikiwa haijachomekwa, nikamwambia apige kelele, tupige wote. Mimi nikapiga, yeye akacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Niliwahi kuona msimbo mbaya ambao hauondoki hata ukiufuta, kwa sababu umenakiliwa mahali usipopajua. Nilienda bafuni nikalia.

"Usimlazimishe," mwalimu wa dagis alisema nilipomweleza yote. Hakunikemea. Mume wangu naye hakunikemea. Alianza tu kubaki nyumbani yeye, zamu kwa zamu, na siku zake nyumba ilikuwa na kelele kama gulio. Yule mama wa ghorofa ya tano ndiye aliyesema. "Ulimufungia wewe mwenyewe," alisema. "Mwachie. Siku atasema, utatafuta pamba ya masikio."

Ikapita Machi. Ikapita Aprili. Theluji iliisha, ikabaki kokoto walizomwaga barabarani tusiteleze. Kila Jumanne na Alhamisi nilifanya kazi huku nimegeuza kiti, uso kwenye mlango.

Mei, Jumanne moja, dagis ilifungwa kwa sababu walimu walikuwa na siku yao ya kupanga kazi. Mume wangu alikuwa kwenye zamu. Niliandika kwenye kalenda ya ofisi, kwa herufi kubwa, kwamba nina mtoto nyumbani. "Njoo tu kwenye mkutano, utakuwa mfupi," bosi alisema. Nilikuwa naeleza kosa nililolifanya wiki iliyotangulia kwenye saa za sikukuu, kosa langu mimi, na wenzangu wanasikiliza, ndipo ilipotoka bafuni sauti ambayo hata mimi sikuitambua mara moja.

"MAMMAAA! KLAAAR!"

Kila mtoto wa nchi hii hupiga ukelele huo akimaliza haja kubwa. Nimemaliza, njoo unifute. Nilikuwa nimeusikia kwenye nyumba za watu, mikahawani, hata kanisani. Nyumbani kwangu, nikiwa na hedifoni kichwani, sikuwahi.

"Kuna mtu amemaliza," mwenzangu mmoja akasema kwenye hedifoni.

"Kimbia, usimcheleweshe," akasema bosi.

Nilikimbia na hedifoni kichwani, waya umechomoka unaburutika nyuma yangu. Alikuwa amekaa juu ya choo, miguu inaning'inia, amekunja uso.

"Nimekuita mara mbili!" alisema kwa Kiswidi, kwa sauti ya juu, ananitazama machoni. "Husikii?"

"Niite tena," nilimwambia.

"Kwa nini? Si umeshakuja," alisema, akainama ili nimfute.